Kilichobaki Bombani

Daktari wa meno hamwiti fundi siku saksheni inapoanza kulegea. Humwita siku mgonjwa amelala kwenye kiti, mdomo wazi, maji ya drili yamechanganyika na mate hadi kooni, na mrija umekaa tu pale mdomoni hauvuti kitu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi yangu ya kutengeneza viti na mitambo ya meno hapa Dar es Salaam nimeifanya nikiwa nimepiga magoti kwenye vigae, sikio kwenye mlio wa pampu, huku juu ya kichwa changu watu wawili wananong'onezana kwa hasira nani alipaswa kusafisha chujio.

Mara nyingi pampu haina kosa lolote. Mota inazunguka, umeme upo, mlio ni ule ule. Njia ndiyo iliyoziba. Kila kiti kina mirija miwili: mwembamba wa kuvuta mate, na mnene wa kuvuta maji, damu na vumbi la jino wakati drili inafanya kazi. Yote miwili inaingia kwenye kikombe kidogo cha plastiki chenye chujio, pembeni ya kiti au chini yake. Kutoka hapo bomba linapita chini ya sakafu mpaka chumba cha pampu, ambacho kwa hapa kwetu huwa ni stoo, uvungu wa ngazi, au kibanda cha bati kinachogombaniwa na jenereta na kompresa. Mgonjwa haoni hata kimoja kati ya hivyo. Daktari naye, nikisema kweli, huwa haoni.

Pampu nyingi nilizozikuta nilipoanza kazi zilikuwa za aina inayotumia maji kuzibia hewa: maji yanazunguka ndani ya kasha, yanaziba nafasi, na hewa inavutwa. Waliozibuni walidhani bomba la maji halikauki. Kwetu maji yakikatika, mwenye kliniki hufungulia tangi la maji ya kisima, na visima vingi vya mjini vina chumvi. Impela inayoyazungusha maji hayo huota ukoko mweupe, nguvu ikapungua kidogo kidogo, na watu wakaanza kulaumu mirija. Walioweza wamehamia pampu kavu. Naona walifanya vema, ingawa pampu kavu nayo inataka tangi la kutenganisha hewa na majimaji, na tangi hilo hujimwaga pampu inapozimwa. Kliniki isiyozima pampu tangu asubuhi hadi usiku inaweza kujaza tangi bila mtu kujua, na siku moja pampu kavu ikameza maji. Hapo bili inakuwa nyingine kabisa.

Hayo ya pampu yanatengenezeka. Nilichokusudia kuandika hapa ni habari ya punje za kijivu.

Ukifungua chujio la kiti ambacho daktari wake huziba meno kwa amalgamu, au huchimbua vizibo vya zamani, utazikuta zimetulia chini, zinang'aa kidogo, nzito kuliko udogo wake. Amalgamu ni unga wa fedha, bati na shaba uliokandwa kwa zebaki, na zebaki peke yake ni karibu nusu ya uzito wote. Imeziba meno duniani tangu karne ya 19 kwa sababu ni nafuu, ni ngumu, na haisumbuki sana na unyevu wa kinywa wakati inawekwa. Sina ugomvi nayo ikiwa imetulia ndani ya jino. Ugomvi wangu unaanza inapotoka.

Chujio likishafunguliwa hupelekwa wapi? Kwenye sinki. Nimeliona hilo katika kliniki za watu wenye fedha na katika zahanati za misheni: chujio linagongwa ukingoni mwa sinki, bomba la maji linafunguliwa, punje zinashuka, chujio linarudi kwenye kiti likiwa safi linameremeta. Yaani kifaa kimekamata zebaki wiki nzima, halafu binadamu akaiachia kwa sekunde chache. Na aliyeiachia hajafanya uzembe wowote kwa jinsi alivyofundishwa. Aliambiwa chujio liwe safi, likawa safi.

Sista mmoja aliyefanya kazi katika hospitali ya serikali tangu miaka ya sabini, ambaye sote tulimwita Mama, ndiye aliyenionyesha jinsi mazoea haya yalivyo na mizizi. Nilimkuta amekaa nje ya kliniki ya binti yake, nikamwamkia, nikamwuliza enzi zao amalgamu ilichanganywaje.

"Tulikuwa tunasaga kwenye kinu cha kioo, mwanangu. Unga na zebaki. Kisha tunakamulia kwenye kitambaa kwa vidole, ile iliyozidi inatoka matone matone, tunairudisha chupani."

"Na iliyoanguka chini?"

"Iliyoanguka ilikimbia. Wewe umewahi kuikimbiza zebaki? Inaingia chini ya kabati, basi. Watoto wetu walikuwa wanaiomba waichezee kwenye viganja."

Alicheka, na mimi nikacheka naye, maana alisimulia vizuri. Ila zebaki haihitaji moto ili igeuke mvuke. Kwenye joto la chumba, hasa chumba cha Dar es Salaam mwezi wa Februari feni imezimika, inapanda hewani taratibu, haina harufu, na mapafu huipokea bila kipingamizi. Kapsuli zilizokuja baadaye, zenye unga upande mmoja na zebaki upande wa pili, zikitikiswa na mashine bila kuguswa na mkono, zilipunguza sana balaa hilo. Hata hivyo kapsuli iliyotumika hubaki na masalia ukutani mwake, na ndoo ya taka ya kawaida ndiko nyingi huishia.

Sasa nije kwenye klorini, maana hapa ndipo nimegombana na watu ninaowaheshimu.

Bomba la saksheni hunuka. Lina damu, mate, unga wa kung'arishia meno, makombo ya plasta, na utando wa bakteria unaoota juu ya vyote hivyo. Dawa ambayo kila mtu anaijua ni jiki. Kila Ijumaa jioni inamiminwa mrijani, inaunguruma ikishuka, Jumatatu harufu imekwisha na bomba linavuta. Ukisema kitu dhidi ya jiki katika kliniki ya Kitanzania unaonekana mtu wa ajabu, kwa kuwa kwa miaka yote harufu ya klorini ndiyo imekuwa ushahidi kwamba mahali pamesafishwa.

Daktari mmoja aliniambia, kwa upole lakini akimaanisha, "Fundi, wewe shughulika na pampu, kemia tuachie sisi." Nilishughulika na pampu. Niliifungua nikamwonyesha jinsi sehemu za chuma zilivyoliwa. Kisha nikamweleza kile kinachotokea kabla ya kufika kwenye pampu. Punje ya amalgamu iliyonasa kwenye bomba ni ngumu, na kitu kigumu kinaweza kuchujwa. Klorini, na dawa nyingine za kuoksidisha kama zenye iodini au peroksaidi, huing'ata ile punje na kuitoa zebaki katika umbo linaloyeyuka majini. Zebaki iliyoyeyuka inapita kwenye chujio la punje kana kwamba chujio halipo. Kwa hiyo siku ya usafi mkubwa ndiyo siku kliniki inatuma zebaki nyingi zaidi nje, tena katika hali isiyokamatika.

Wamarekani wameliandika jambo hili kwenye sheria. Kanuni ya mamlaka yao ya mazingira, EPA, iliyotangazwa Juni 2017 na kuwabana wenye kliniki zilizokuwepo kuanzia Julai 14, 2020, inataka mambo machache: kitenganishi cha amalgamu kinachoondoa angalau asilimia 95 ya chembe, mabaki ya amalgamu yasitupwe kwenye mfereji, na bomba la saksheni lisisafishwe kwa dawa ya kuoksidisha wala ya tindikali, wala kwa kitu chochote chenye pH chini ya 6 au juu ya 8. Hilo la mwisho ndilo ninalolipenda. Waliotunga walielewa kwamba unaweza kununua kitenganishi cha bei mbaya kisha ukakifanya bure kwa chupa ya dukani.

Kwa hiyo niliacha kuwaeleza madaktari na nikaanza kukaa na wauguzi na wasaidizi, jioni, wakati wa kufunga. Ninachowafundisha hakina ufundi mkubwa. Kila mgonjwa anaposhuka, mirija yote miwili inyonye maji safi. Jioni, dawa ya kusafishia mabomba ya saksheni, isiyo tindikali wala magadi na isiyotoa povu, ichanganywe na maji ya uvuguvugu ndooni. Maji ya moto hayafai, hugandisha damu kwenye kuta za bomba. Sabuni ya vyombo nayo haifai: povu lake hufika kwenye pampu, na pampu kavu hailitaki kabisa povu. Mrija usizamishwe ukaachwa. Utumbukizwe na kuinuliwa, uvute maji kidogo na hewa kidogo, kwani hewa ndiyo inayoyafanya maji yapige kuta na kubeba uchafu. Na kiti ambacho hakikutumika siku nzima nacho kinyonyeshwe vile vile. Hapo ndipo wengi hukataa. Kwa nini kisafishwe kitu kisichotumika? Kwa sababu kilichoachwa jana kimekauka, na unga wa kung'arishia meno ukikaukia kwenye kona ya bomba hugeuka saruji.

Huwa nawaongezea neno moja lisilo la zebaki. Wagonjwa huambiwa wafunge midomo kuzunguka ule mrija mwembamba ili wateme. Tabia hiyo ikome. Midomo ikifungwa, msukumo wa hewa unaweza kugeuka, na kilichokuwa kwenye mrija, pengine cha mgonjwa aliyetangulia, kikarudi kinywani. Nikisema hivyo chumba chote hunyamaza, na baada ya hapo wananisikiliza kwa makini kuhusu mengine.

Mabomba yenyewe hufundisha kuliko mimi. Amalgamu ni nzito, kwa hiyo popote bomba lilipolegea au fundi ujenzi alipokosea mteremko, ndipo inapotua. Katika kliniki moja ya ghorofani, mjini kati, nilikata kipande cha bomba la plastiki kisichozidi urefu wa mkono. Kilikuwa kizito mpaka kijana aliyenisaidia alikishika kwa mikono miwili na kunitazama. Ndani mlikuwa na matope ya tabaka tabaka, ya kijivu, meupe na meusi, njia ya hewa imebaki upana wa kidole gumba. Miaka na miaka ya vinywa vya watu. Kijana alitaka kukipiga chini kwenye bustani ya maua ili tope litoke, bomba tulitumie tena. Tulikitia chote kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana, tukaandika juu yake kilichomo.

Na bila kuzuiwa, hayo matope yangekwenda wapi? Sehemu ya katikati ya mji ina mtandao wa majitaka unaomwaga baharini. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam inatumia mashimo na makaro, na gari la kunyonya likija linapeleka mzigo kwenye mabwawa kama yale ya Vingunguti, karibu na bonde la Msimbazi. Hakuna hatua yoyote katika safari hiyo inayoangamiza zebaki. Ni elementi, haiozi, haichakai. Inatua kwenye matope, na kwenye matope yasiyo na hewa kuna bakteria wanaoibadilisha kuwa methilizebaki, ambayo hupanda kutoka kwa viumbe vidogo hadi kwa samaki na kutoka kwa samaki hadi kwa mlaji. Jina la mji wa Minamata, Japani, limepewa mkataba wa kimataifa kwa sababu hiyo. Huko ugonjwa ulitangazwa rasmi Mei 1956, baada ya kiwanda cha kemikali kumwaga methilizebaki kwenye ghuba ambako watu walivua. Kliniki za meno si kiwanda kile, na mtu anayezilinganisha anatia chumvi. Lakini ghuba haina daftari la kuandika nani alileta kiasi gani.

Watanzania wengi wakisikia zebaki wanawaza Geita na Chunya, mchimbaji mdogo akichoma dhahabu kwenye karai. Fizikia ya chuma cha mchimbaji na ya jino lililozibwa ni moja. Zebaki huchemka nyuzi 357 tu. Ndiyo maana jino lenye kizibo cha amalgamu likishang'olewa halitakiwi kuingia kwenye mfuko wa taka zinazokwenda kuchomwa, na chujio la kiti halitakiwi kutumbukizwa kwenye kisanduku cha sindano. Kichomea taka cha hospitali ya wilaya, kile cha matofali chenye bomba la moshi linaloelekea wodi ya wazazi, hakiteketezi zebaki. Kinairusha. Na sisi ni nchi ya kung'oa: watu wengi hufika kwa daktari jino limekwisha, dawa iliyobaki ni koleo. Kwa hiyo meno yenye amalgamu yanayotoka ni mengi, na karibu yote nimeyaona yakielekea motoni.

Kuna hatari nyingine inayoletwa na ile fedha iliyomo kwenye amalgamu. Sonara mmoja wa Kariakoo alipata habari kwamba kliniki ninayoihudumia inahifadhi mabaki ya amalgamu kwenye kopo, akaja kuuliza kama wanauza. Alikuwa mtu mwungwana, anatafuta riziki, anajua kuyeyusha. Msaidizi wa daktari alikuwa amekwisha kukubali bei. Niliitwa kushuhudia biashara kama mtu mzima, nikaivunja. Nilimweleza yaliyotokea Lincoln Park, Michigan, mwaka 1989: mtu aliyeyusha amalgamu ya meno nyumbani ili apate fedha, mvuke ukajaa nyumba, na watu wazima wote wanne waliokuwa wakiishi humo walikufa. Sonara alikaa kimya, kisha akauliza kama kuna namna ya kuifanya nje, uwanjani. Nikamwuliza anaishi na nani. Akaondoka bila kopo.

Kopo hilo bado lipo. Ndilo tatizo nisilolimaliza kwa spana. Nimewafundisha watu watenge: kopo la mabaki ambayo hayakugusa mdomo, kopo la yaliyogusa, machujio, kapsuli tupu, meno yenye vizibo, mifuniko ya kubana, lebo, mbali na jua. Wamefanya vizuri mno. Makopo yamejaa kabatini, na mtu wa kuyachukua kwa kibali, kuyapeleka kwenye mtambo unaotenganisha zebaki na fedha kwa usalama, hapiti mlangoni kama gari la taka linavyopita. Kliniki moja moja haina mzigo wa kutosha kugharimia safari hiyo. Naamini chama cha madaktari wa meno na mamlaka za mkoa wangeweza kukusanya kwa pamoja mara moja kwa mwaka, na nimesema hivyo kila nilipopewa nafasi ya kusema.

Vitenganishi navyo vimefika. Kuanzia 2012 kulikuwa na mradi wa UNEP na WHO wa kupunguza amalgamu katika Kenya, Tanzania na Uganda, na tangu Ulaya ilipovilazimisha mwaka 2019 viti vingi vinavyoletwa kutoka huko huja na nafasi yake. Lakini kitenganishi kina kopo linalojaa, na kopo jipya huagizwa kwa fedha za kigeni. Nimekuta kopo lililojaa zamani, na pembeni yake bomba la kukwepea alilolifunga fundi mwingine ili saksheni irudi nguvu. Kifaa kipo ukutani, mkaguzi akija anakiona, na maji hayapiti humo. Ni sawa na chujio la chai ambalo majani yake hayamwagwi: mwisho mtu hulitoa akamimina. Kwa hiyo mwenye kliniki akiniomba bei ya kitenganishi, nampa na bei ya makopo ya miaka mitano. Wengine hukasirika.

Siku hizi jibu ninalopewa zaidi ni kwamba habari hii imepitwa na wakati. Ni kweli kwamba amalgamu inaaga. Umoja wa Ulaya umeipiga marufuku tangu Januari 2025 isipokuwa kwa sababu maalumu ya kitabibu. Nchi za Mkataba wa Minamata, Tanzania ikiwemo, zilikubaliana Bali mwaka 2022 kuacha zebaki ya chupa na kutowawekea amalgamu watoto wa chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha ila daktari akiona lazima, na Novemba 2025 zikaweka 2034 kuwa mwisho wake. "Fundi, sisi tunatumia kompoziti tu," huniambia. Nami hufungua chujio, na punje za kijivu zimo. Zinatoka wapi? Kwenye vizibo vya zamani vinavyochimbuliwa ili kompoziti, kizibo kisicho na zebaki, iwekwe. Kuchimbua kwa drili ya kasi hutoa vumbi laini zaidi kuliko kuweka kulivyowahi kutoa, na vumbi laini ndilo linalopita kwenye chujio la kiti. Kizibo kizuri hukaa mdomoni miaka mingi. Kapsuli ya mwisho itakapofunguliwa, mabomba yatakuwa bado na kazi ndefu mbele yake, na ninachoogopa ni kwamba kliniki zitaacha kununua makopo ya vitenganishi siku ile ile zitakapoacha kununua amalgamu.

Hivi karibuni mwenye jengo moja anayebadilisha kliniki ya zamani kuwa ofisi aliniita aniulize kama bomba la saksheni linaweza kuachwa chini ya vigae, wamwage zege juu. Tayari mafundi walikuwa wameanza kuchanganya. Nilimwonyesha mahali bomba lilipolegea, karibu na kilipokuwa kiti cha pili, nikamwambia lifunguliwe kuanzia hapo, vipande vizibwe ncha zote mbili kabla ya kuinuliwa, visikatwe kwa msumeno wa umeme wala kuchomwa, na vikae kwenye madumu mpaka apatikane mwenye kibali. Aliuliza itachukua siku ngapi na nani analipa, yeye au daktari aliyehama. Nilimwambia hilo la pili waulizane wenyewe. Amesimamisha zege, na ameniomba nimwandikie gharama.